Ukingo Uliouacha Wazi

Kaltum mwanangu,

Mashairi yako tisa yalipotea Jumanne moja ya mwezi wa Machi, kati ya chai ya asubuhi na adhuhuri, chini ya msumeno wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililolala kati yetu tangu siku ile. Wewe kesho unaondoka, na sitaki lipande basi pamoja nawe huku sote wawili tukijifanya ni begi la mtu mwingine.

Sikuandikii habari za pasipoti wala blanketi. Hayo nimeyasema mpaka ukanikata jicho. Ningeweza pia kukueleza haya kwa mdomo, lakini tunajuana. Tukikaa kuongea, mimi napandisha sauti kama niko sokoni, wewe unanyamaza kama uko msikitini, na mwishowe mmoja wetu anauliza kama kuna chai. Barua haina chai. Isome mpaka chini, maana huko chini kuna swali.

Kwanza nitoe dukuduku langu, kwa sababu na mimi nina la kwangu.

Siku ya maonyesho ya picha zako kwenye ukumbi wa Ntinda nilivaa gauni la Idi. Nilisimama karibu na mlango nimeshika sahani ya sambusa nilizozikaanga mwenyewe, ukumbi umejaa, na kuta zote zina fremu zangu. Nilikuwa nazitazama kona zake, Kaltum. Fremu tisa, kona thelathini na sita, na hakuna hata moja ambayo ungeweza kupenyeza ukucha. Nikajisemea, leo watu wataona. Ndipo yule dada wa miwani akakuuliza, "Na huku pembeni kuna vialama vyeupe vyeupe vinachungulia. Hivi ni nini?"

Ukajibu huku ukitabasamu: "Yalikuwa mashairi. Mama aliyakata ili picha ziingie kwenye fremu."

Ukumbi mzima ukacheka. Jamaa mmoja nyuma akashangaa kwa sauti, "Banange! Mama mhariri!" Wakacheka tena. Na mimi nikacheka nao, kwa sababu mtu aliyeshika sahani ya sambusa hana pa kuuweka uso wake.

Picha zilifika ukumbini Ijumaa. Ulizitundika mwenyewe, kwa hiyo Ijumaa ile ile uliona. Usiku tukala pamoja, Jumamosi asubuhi nikakusuka nywele, kichwa chako kiko mapajani mwangu kwa saa tatu, na hukuniambia. Nikaja kuyajua mbele ya watu nisiowajua, katikati ya vicheko. Hilo ndilo liliniuma kuliko kicheko chenyewe. Ungenipigia kelele Ijumaa, ningekasirika, ningekujibu vibaya, na tungelala tumeyamaliza.

Sasa sikia ilivyokuwa siku ile ya Jumanne, maana hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kukueleza.

Wenye ukumbi walitaka fremu zote ziwe sawa, sitini kwa themanini. Plaiwudi zako za kuchorea ulizikata mwenyewe kwa kukadiria, zikaja sitini na mbili kwa themanini na mbili. Sikukulaumu. Nikasema nitapunguza sentimita moja kila upande, basi. Lakini plaiwudi ukiikata kwa msumeno ule wa umeme wa kushika mkononi, meno yanang'oa nyuzi upande wa juu. Uso mzuri ni lazima ulazwe chini. Kwa hiyo nikatandika blanketi mezani, lile la bluu ulilofunikwa utotoni, ili rangi yako isichubuke. Nikazilaza picha zako juu yake moja moja, kifudifudi, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Halafu nikakata.

Nilizikata nikiwa natazama migongo yake. Ndiyo maana sikuona neno hata moja. Ningekuwa mzembe, ningezilaza vyovyote, labda ningeziona herufi zako na kusimama. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilikuwa mwangalifu, na uangalifu wangu ndio ulionizuia kuona.

Hata hivyo, uangalifu huo haunipi haki yote. Kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza.

Unamkumbuka Papa Bahati? Ulikuwa mdogo, ila nadhani unaukumbuka ule mluzi wake. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, ana kibanda cha fremu pale Nakivubo, nyuma ya wauza mabegi. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa na miaka mitatu, na mimi nilikuwa nauza vipande vya vioo vilivyobaki kwa mafundi. Papa Bahati aliniona nikikata kioo kwa jicho, bila rula, akasema, "Maman, wewe uko na kipimo ndani ya kichwa. Njoo hapa, acha kuzungusha vioo kwenye jua." Hakuna aliyenifungulia mlango mwingine. Nilifagia pale, nikapiga randa, nikajifunza kukata kona, mpaka nikapata kibanda changu hapa Lubaga, chini ya kilima cha kanisa. Mnubi, Mwislamu, nimejenga maisha yangu kwa kuwawekea watu fremu za Bikira Maria na picha za mahafali. Wateja wenyewe huwa wananitania: "Hajati, leo umemsafisha Yosefu wetu vizuri!"

Mwaka wangu wa kwanza pale Nakivubo, mama mmoja alileta picha ya familia. Pembeni kabisa kulikuwa na mkono, mkono tu, umewekwa juu ya bega la mtoto. Mwenye mkono hakuwamo kwenye picha. Nikaona ni uchafu wa mpiga picha, nikausogeza chini ya ule mdomo wa ndani wa fremu unaoshika picha. Ikawa safi. Yule mama alipokuja kuchukua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "dada yangu yuko wapi?"

"Dada gani? Hapa wako watano, na nilivyopokea walikuwa watano."

"Ule mkono. Ule mkono ulikuwa wake. Hatuna kingine."

Nashukuru nilikuwa nimeufunika tu, sikuwa nimeukata. Papa Bahati aliifungua ile fremu mwenyewe bila kunigombeza. Mteja alipoondoka akaniambia, "Kuanzia leo, kila mtu akileta picha, mwambie apitishe kidole pembeni, pande zote ine, akuonyeshe kitu hataki kifichwe. Usimwulize kwa mdomo tu. Kidole."

Umeniona nikifanya hivyo maisha yako yote. Maaskari, mapadri, bibi harusi, wanafunzi, yule mzee aliyeleta picha ya ng'ombe wake. Kila mmoja wao nimemwambia, pitisha kidole. Wengine hucheka, wengine wanaanza kulia kabla kidole hakijazunguka pande zote. Kwa miaka yote hiyo sijamruka mteja hata mmoja.

Wewe nilikuruka. Ulileta picha tisa ukaziegemeza ukutani, nikakwambia, "Weka hapo, kesho zitakuwa tayari, nenda kale." Wewe si mteja, wewe ni wangu, kwa hiyo nikaona ninajua kila kilichomo. Watu wasiotujua tunawauliza, wa nyumbani tunajijibia wenyewe. Basi, hilo ndilo kosa. Msumeno ulifuata tu.

Baada ya Ntinda sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kutafuta vile vipande nilivyokata. Vilikuwa thelathini na sita, vyembamba kama vijiti, na kama kawaida yangu nilikuwa nimempa Maman Furaha, yule Mkongo muuza mandazi, awashie jiko lake. Nikamkuta anakanda unga.

"Maman Furaha, vile vijiti vya Jumanne vimebaki?"

"Vilibaki kidogo. Lakini, Mama Kaltum, ile vijiti yako iko na maandishi. Miye nilisoma moja, roho ikakataa kuichoma."

"Ulisoma nini?"

Akajifuta mikono, akacheka yale macheko yake ya kutikisa meza. "Iko inasema juu yako! Inasema wewe unapimaka-pimaka tu!"

Akakitoa kwenye mkebe wa vijiko. Alikuwa amekihifadhi humo kama kitu cha thamani, mwanamke ambaye hana hata pa kuweka sufuria zake. Vingine sita vilikuwa vimebaki, lakini kwenye hivyo msumeno ulipita katikati ya herufi, nikaona miguu yake tu. Hicho kimoja uliandika chini kabisa, kwa ile brashi nyembamba, na msumeno ukapita juu ya maneno bila kuyagusa. Nikasoma pale pale, moshi ukiniingia machoni:

*Mama hupima dirisha kwanza,
ndipo auulize ukuta unatazama nini.*

Nikakasirika, Kaltum. Nakwambia ukweli. Nikasema, huyu mtoto! Ndiyo, napima kwanza! Dirisha lisilopimwa halifungi, mvua inaingia, godoro linaloa, na huyo anayeandika mashairi analala wapi? Nilitembea mpaka karakana nikibishana nawe barabarani, mwenye boda akadhani namwita.

Halafu nikakaa. Nikasoma tena. Uliandika "ndipo auulize." Hukuandika kwamba siulizi. Ulisema nauliza, ila nauliza baadaye. Ulinipa zaidi ya nilichokuwa nimestahili wiki ile.

Nikajaribu kuvirudisha vile sita. Nilizifungua fremu picha ziliporudi nyumbani, wewe ukiwa kwa shangazi yako, nikaweka vijiti kwenye kingo zake, nikatafuta kila kimoja ni cha wapi. Vitatu nilivipatia mahali pake. Lakini msumeno wangu hula milimita tatu kila unapopita, na hizo hazirudi, ni vumbi, zilifagiliwa. Nikisogeza kijiti kikagusa ubao, vichwa vya herufi vinakalia miguu isiyo yake. Nikiacha nafasi ya milimita tatu, maneno yanasomeka, ila kuna mstari mtupu unaopita katikati yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeviacha hivyo, na nafasi yake. Vimefungwa kwenye gazeti chini ya meza ya vioo. Sikukuonyesha kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilidhani utaandika mengine.

Wiki tatu baadaye nikakuuliza, unakumbuka, tulikuwa tunamenya ndizi. "Kwa nini unaandika pembeni? Kwa nini usiandike katikati, watu wayaone?"

Ukasema, "Katikati kuna watu tayari, Mama."

Nikaendelea kumenya. Lakini jibu lako lilinirudisha mbali.

Babu yako alikuwa askari, na baba yake askari. Kwetu sisi Kiswahili kiliingia nyumbani pamoja na buti. Kwenye mji huu, nilipokuwa msichana, ukifungua mdomo kwa Kiswahili sokoni, wanawake wanavuta mabegi yao karibu. Wanadhani umetoka kambini, au umetumwa. Kwa hiyo nilijifunza kufanya kazi kwa Kiganda na kupenda kwa Kiswahili. Mbele ya wateja, Kiganda. Nyuma ya pazia, pale tulipolala, Kiswahili. Siku moja ulikuwa na miaka kama mitano, ukaja mbio mbele ya mteja kunisimulia ndoto, kwa Kiswahili chako kizuri, na mimi nikakwambia, "Hicho si cha hapa. Nenda nacho nyuma." Ukaenda. Ndoto yenyewe sijaisikia mpaka leo.

Sasa mtoto aliyeambiwa apeleke lugha yake nyuma ya pazia, akikua akawa mchoraji, ataiweka wapi? Ataiweka pembeni, ukingoni, ambapo haimzuii mteja. Na mama yake atakuja na msumeno.

Yule dada wa miwani alikuuliza jambo lingine pale Ntinda, wewe ulidhani sikusikia. Ulipomtajia lugha ya mashairi, alisema, "Lakini kwa nini Kiswahili? Hii si kambi." Uliinama ukarekebisha mkanda wa kiatu ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilipaswa kuweka sahani chini siku ile. Ningemwambia, dada, hiyo ndiyo lugha niliyomwimbia huyu alipokuwa na homa. Sikusema. Namwambia sasa, na hayupo.

Mwezi uliopita ulipopata habari kwamba wale wachoraji wa Dar es Salaam wamekukubali kwa mwaka mzima, nilifurahi kwa sababu moja ambayo sikukutajia. Huko watu wanasoma Kiswahili kwenye pakiti ya chumvi na kwenye kiberiti. Watasoma ukingo wote, watainamisha shingo, watazunguka pande zote nne. Nikakwambia, "Sasa utapata wasomaji."

Ukasema, "Huko nitapaka rangi tu. Maneno nimeyaacha."

"Umeyaacha kwa nini?"

"Rangi inaingia kwenye fremu, Mama."

Ulilisema bila hasira, kama mtu anayetaja vipimo. Afadhali ungenitukana.

Mimi si mtu wa mashairi. Najua urefu, upana na kona. Sijui kukwambia kama yale tisa yalikuwa mazuri, maana nimesoma moja tu lililo zima, na hilo lilinisema mimi, kwa hiyo siwezi kuwa hakimu. Ninachojua ni hiki: Maman Furaha alishindwa kukichoma kijiti kile, na asubuhi ile kuni zilikuwa zimelowa zote. Na mimi nimekibeba kwenye mfuko wa aproni tangu Machi. Wateja wanadhani ni kipimo changu. Kwa namna fulani ndicho.

Maneno yako yakifa huko Dar kwa sababu umeyachoka, ni sawa, yafe, ni yako. Yakifa kwa sababu ya fremu yangu, sikubali. Nimetengeneza fremu maisha yangu yote, na naweza kutengeneza nyingine.

Ndipo nifike kwenye picha ya kumi, hii ya kuwapelekea wenyeji wako, uliyoniachia mezani jana ukasema, "Fanya unavyojua." Nimeitazama. Ni karakana yangu, meza ya vioo, stuli yangu, na mimi simo. Sawa. Safari hii niliilaza chali. Nikachukua kidole changu mwenyewe, nikakipitisha pembeni, pande zote nne.

Umeacha ukingo wazi. Sentimita mbili kamili, pande zote, safari hii umepima kweli, na umeupaka rangi ya kahawia tabaka moja. Halafu umeusugua kwa msasa laini. Kaltum, mimi ni fundi. Hakuna mtu anayesugua kwa msasa sehemu itakayofichwa na fremu. Msasa ni wa mahali ambapo brashi nyembamba itapita bila kukwama. Mkono wako umesema jambo moja na mdomo wako jingine, na mimi safari hii sitajijibia mwenyewe.

Nimekata fremu mbili, na zote mbili ziko mezani, bado hazijagundishwa. Ya kwanza ni ya kawaida, na mdomo wake nimeufanya mpana. Utafunika ukingo wote, picha itaonekana imekamilika, na hakuna mtu Dar atakayejua kulikuwa na nafasi. Ya pili ni kama sanduku lisilo na kifuniko. Picha inakaa ndani bila kuguswa, kuna uwazi wa milimita tano kuizunguka, na hakuna kinachofichwa, hata unywele wa brashi. Ukingo ukiwa mtupu, utaonekana mtupu. Ukiandika, utasomeka.

Basi lako linaondoka saa mbili asubuhi. Gundi inataka muda wa saa mbili kwenye vibano kabla haijagusika. Kisha kuna kupigilia, kufunga magazeti, na kufika kituoni. Nimepiga hesabu, na saa ya mwisho ni kumi na moja alfajiri. Nitakuwa karakana, taa inawaka, gundi iko wazi. Barua nimeiweka ndani ya kiatu chako cha kulia ili usiseme hukuiona.

Uje na kidole chako. Usiniambie "vyovyote, Mama." Usiniulize kama kuna chai. Simama mbele ya meza kama wateja wote wanavyosimama, uniambie kwa Kiswahili, kwa sauti, hata kama kuna mtu nje: ukingo ule umeuacha kwa ajili ya fremu yangu, au kwa ajili ya maneno yako?